Vitufe Vikubwa vya Mjomba Vilmos

Szilvásér, 9 Machi 1997

Mpwa wangu Orsi,

Hatujambo. Baridi imeanza kulegea, shangazi yako Piroska ameshapanda vitunguu, na mimi nimeingia matatani. Barua hii naisema mimi, anaiandika Piroska, maana tangu nistaafu ukuu wa stesheni ya treni nimejipandisha cheo na kuajiri karani. (Karani halipwi. – Piroska)

Unajua kila Oktoba klabu yetu ya sataranji inaandaa Kombe la Szilvásér, na mwamuzi ni mimi tangu wewe unanyonya. Raundi ikiisha natandaza kadi za wachezaji juu ya meza ya biliadi, naangalia nani ana pointi ngapi, nani ameshakutana na nani, nani alicheza na kete nyeupe mara ya mwisho, kisha napanga jozi za raundi inayofuata. Watu wanakula pogácsa, vile viandazi vya chumvi, wakisubiri. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusubiri.

Sasa chama cha mkoa kimetangaza kwamba kuanzia mwaka huu matokeo yapelekwe kwenye disketi. Mwenyekiti wetu, Daktari Lajta, yule wa meno, ameshainunulia klabu kompyuta. Akaniita pembeni na kuniambia kwa ule upole wake wa kabla ya kung'oa: "Mzee Vilmos, kama itakuwa tabu, naweza kumleta mwamuzi kijana kutoka mjini. Wewe utakaa mbele kama mgeni wa heshima." Mgeni wa heshima, Orsi. Yaani sanamu iliyovaa koti.

Wewe si unatengeneza programu huko Budapest? Basi nitengenezee moja ya kupanga jozi, nimfunge mdomo.

Mjomba wako,
Vilmos

(Anasema "nimfunge mdomo" lakini usiku hapati usingizi kwa ajili ya jambo hili. Hilo hakunisomea niandike. – P.)


Budapest, 21 Machi 1997

Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi,

Umefanya vizuri kuniandikia mimi. Programu zenye madirisha na vitufe ndizo hasa tunazotengeneza hapa, na sitaki ujisifu kijijini bure, lakini mpwa wako ofisini hapumziki. Simu hainyamazi, kila mteja ananitafuta mimi.

Disketi usiingojee bado. Kuna mhandisi hapa anaitwa Zsombor, mrefu, hacheki, anayenikataza kugusa kompyuta kabla ya karatasi. Anasema hesabu za kupanga jozi mtu yeyote aliyesoma ataziweza. Kinachowashinda wengi ni kujua mtumiaji anataka kufanya nini kwanza, na nini baadaye, na macho yake yataangalia wapi. Kwa hiyo ndani ya bahasha mna karatasi kadhaa. Kila moja ni dirisha. Kushoto kuna majina, kulia meza za mchezo, chini vitufe: Ongeza Mchezaji, Weka Matokeo, Panga Raundi, Chapisha, Futa. Zitandaze mezani. Kidole chako ndicho kipanya. Shangazi awe kompyuta: ukibonyeza kitufe, yeye anakuletea karatasi inayofuata. Kisha niandikieni mlikwama wapi.

Najua mtacheka. Nami nilicheka, Zsombor akanitazama mpaka nikaacha.

Wenu,
Orsi


Szilvásér, 6 Aprili 1997

Orsi,

Tumecheza ile kompyuta ya karatasi jikoni jioni nzima, na nakwambia Piroska ni mashine nzuri kuliko ya Daktari, ila inajibu.

Nilibonyeza Panga Raundi kabla sijaweka matokeo ya meza ya tatu. Piroska akasema, "Hujamaliza, rudi." Nikamuuliza, "Kompyuta inaruhusiwa kusema hivyo?" Akasema, "Mimi ndiyo kompyuta. Rudi." Andika hilo, mpwa wangu: mtu asipangiwe raundi kama bado kuna meza inayocheza.

Halafu nikataka kuchapisha, kidole kikaangukia Futa, maana umeviweka mlango kwa mlango. Piroska akaichana karatasi vipande viwili. Nikapiga kelele. Akasema, "Umeniambia futa, nimefuta." Mashindano yote yakaishia kwenye ndoo ya takataka pamoja na maganda ya viazi. Kwa hiyo Futa kiondoke hapo, kihamie mtaa mwingine kabisa, na kabla ya kufuta mashine iulize.

Ombi la mwisho. Vitufe viwe vikubwa. (Vikubwa sana. – P.) Vikubwa kama pogácsa.

Vilmos


Budapest, 18 Mei 1997

Mjomba mpendwa,

Hii hapa disketi. Ishike kwa heshima, imekula wikendi zangu zote tangu Pasaka. Daktari aiingize, afungue faili iitwayo WEKA, na mengine yatajifanya yenyewe.

Nimetengua na kujenga upya mara nyingi mpaka Zsombor akaniambia sasa ninaota kwa madirisha. Utaona juu kuna safu ya picha ndogo ndogo: farasi ni mchezaji mpya, ngome ni raundi, taji ni matokeo. Rangi ya kijani nimeitoa kwenye meza yako ya biliadi. Futa nimekihamisha. Raundi haipangwi meza ikiwa wazi.

Kuhusu vitufe vikubwa, nilivijaribu, Mjomba. Dirisha linaonekana kama kitabu cha chekechea. Hivi vidogo ndivyo vinavyotumika siku hizi, utavizoea.

Nasubiri sifa.
Orsi


Szilvásér, 1 Juni 1997

Orsi,

Sifa hizi hapa.

Kwanza, Ernő mwenye bucha, Bőgős Ernő, alikuja klabu kujionea jina lake kwenye skrini. Badala ya zile kofia mbili juu ya o kuna kiwimbi kama cha Kireno. Majina yote yenye ő na ű yameoteshwa mawimbi. Ernő aliangalia akasema, "Huyu si mimi. Huyu ni ndugu yangu aliyepotelea Ureno." Na Bi Gyűrűs, ambaye ana ű mbili, amekataa kusajiliwa mpaka arudishiwe jina.

Pili, nilipopanga raundi ya majaribio, mshale uligeuka kuwa saa ya mchanga na dirisha likaganda. Hatukujua kama linafikiri au limekufa. Daktari akachomoa waya.

Tatu, lilipowashwa tena liliniambia: "Kosa namba 13. Endelea?" Niendelee wapi? Mimi nimekuwa mkuu wa stesheni. Dereva akiniuliza kuna nini mbele siwezi kumwambia "kumi na tatu".

Nne, kipanya. Kinateleza. Meza ya klabu imepinda, au labda ni kile kitambaa chini yake. Nalenga farasi kinaniendea ngome, nikilenga ngome naipata taji. Nilimtangaza mshindi kabla mtu hajakaa. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu, akapangusa miwani yake.

(Orsi, mimi nimeiangalia ile meza. Haijapinda. – P.)

Vilmos


Budapest, 29 Juni 1997

Mjomba,

Nilinuna kidogo, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Mtu anajenga dirisha kwa miezi, halafu mwenye bucha anasema jina lake limepotelea Ureno.

Lakini nimesahihisha. Mawimbi yalitoka kwenye aina ya mwandiko niliyochagua. Sasa kofia zimerudi, mwombe radhi Bi Gyűrűs. Kuganda pia kumekwisha: zile hesabu sasa zinafanyika pembeni na dirisha linabaki hai, na kuna mstari unaojaa polepole ili ujue linafikiri. Na hakuna tena namba kumi na tatu. Zsombor alinikalisha nikaandika upya kila ujumbe kwa maneno ambayo ningemwambia mtu uso kwa uso. Mfano: "Meza ya pili bado haina matokeo. Nani ameshinda?" Nilishangaa jinsi ilivyo ngumu kuliko kuandika programu yenyewe.

Kipanya sasa. Mjomba, kipanya si kiroboto, hakiruki. Ni mazoezi tu. Kwenye kompyuta kuna mchezo wa karata. Ucheze kila siku, mkono utatulia.

Nikuchekeshe. Kuna mwenzangu hapa wa mapokezi, yule anayejibu simu za wateja. Juzi alipigiwa na mzee mmoja anaitwa Bwana Bagoly, sauti imebanwa kama anaongea ndani ya pipa. Printa yake haichapi. Yule dada alikaa naye karibu saa nzima: angalia waya, bonyeza hiki, sasa niambie unaona nini, hapana Bwana Bagoly, si hicho, pole pole. Mwisho ikagundulika printa haina karatasi. Tumecheka siku nzima.

Orsi


Szilvásér, 6 Julai 1997

Orsi,

Bwana Bagoly ni mimi.

Nilikuwa nataka kumwuliza bosi wako kama unalishwa vizuri na kama anajua ana fundi wa namna gani. Nikapata namba kwenye karatasi iliyokuja na disketi. Nikapiga, ikapokelewa, na kabla sijajitambulisha nasikia sauti ya mtoto wa dada yangu: "Huduma kwa wateja, Orsolya hapa, nikusaidie nini?" Nilishtuka nikabana pua. Jina la Bagoly, yaani bundi, nililitoa kwenye kalenda ukutani, imechorwa huyo ndege.

Printa kweli haikuwa na karatasi. Hilo sikulibuni.

Kwa hiyo wewe ndiye yule dada wa mapokezi. Sijakasirika. (Alicheka mpaka nikampa maji. – P.) Nakushangaa tu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukishindwa unaupindua ubao, kete zinaokotwa chini ya kabati mpaka wiki ijayo. Na sasa umekaa saa nzima na mpumbavu asiyejua karatasi iko wapi, hukupandisha sauti hata mara moja. Nilipoweka simu chini nilimwambia Piroska, kama yule dada angekaa nami klabu, ningeijua hiyo mashine.

Sasa niambie ukweli. Hii programu unaitengeneza kwa nini?

Vilmos


Budapest, 12 Julai 1997

Mjomba,

Nimesoma barua yako nikiwa nimefunika uso.

Ukweli ni huu. Niliajiriwa kujibu simu, na bado najibu simu. Watu wanapiga wakiwa wamekasirika, nami nawaambia wabonyeze wapi. Baada ya mwaka nikaanza kujiuliza kwa nini kile kitufe kiliwekwa pale ambapo kila mtu anakikosa. Nikamwuliza Zsombor. Akanipa kitabu. Ndivyo ilivyoanza.

Bwana Hegedüs, bosi wetu, ana nafasi moja ya mtengeneza programu kuanzia Novemba. Nilipoomba hakucheka, hilo namshukuru. Alisema: "Niletee kitu ulichokijenga mwenyewe, kinachotumiwa na watu wasiokujua, siku ya kazi halisi, bila wewe kuwepo." Ndipo ikaja barua yako. Sikukwambia kwa sababu niliona ukijua, utaisifu hata ikiwa mbovu. Zsombor atakuja kwenye mashindano kuangalia na kumletea bosi taarifa. Mimi siruhusiwi.

Sasa umejua. Ukinisifu bure nitajua pia.

Nitakuja kwenu sikukuu ya mkate mpya, Agosti. Sitakufundisha kitu. Zsombor anasema nikae nyuma yako nifunge mdomo, nikuangalie tu ukiitumia. Anasema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote na wengi hawaiwezi.

Orsi


Budapest, 24 Agosti 1997

Mjomba, Shangazi,

Nimefika salama, mkate wenu umefika nusu.

Mjomba, samahani kwa kukaa nyuma yako mchana kutwa kama askari. Nilitaka kusema mara nyingi, "hapo, kulia kidogo", nikauma ulimi. Nimeona nilichopaswa kuona tangu Aprili, uliponiandikia kuhusu ukubwa wa vitufe nami nikakujibu habari za chekechea. Naomba unisamehe kwa sentensi ile, na kwa ile ya karata.

Naibomoa programu yote upande wa mbele. Hesabu zinabaki, sura inakwenda. Nimeamua hivi:

Kipanya kitakuwepo kwa anayekipenda, lakini asiyekitaka akifungie kwenye droo. Kila kitu kitafanyika kwa kibodi. Meza moja itaonekana kwa wakati mmoja, majina mawili makubwa yasomeke toka mlangoni. Moja, mweupe ameshinda, mbili, mweusi, sifuri, sare. Kitufe kikigongwa mara mbili tatu kwa haraka, programu itahesabu mara moja. Kikishikwa muda mrefu, itahesabu mara moja. Kabla ya kupokea jibu itaandika kwa maneno ulichosema na kungoja ule upau mrefu wa chini, ambao hata kwa kiwiko unabonyezeka. Na kitakuwepo kitufe cha Tengua kinachorudisha nyuma jambo lolote, hata raundi nzima iliyokwisha kupangwa, bila kuuliza maswali na bila kugomba.

Sijamwambia mtu kwa nini. Zsombor aliangalia michoro, akaniuliza, nikasema mwamuzi ndivyo anavyotaka. Akasema mwamuzi ana akili.

Nakupenda, Mjomba.
Orsi


Szilvásér, 30 Agosti 1997

Orsi,

Naandika mwenyewe, kwa hiyo fupi.

Umeona. Ilianza baridi iliyopita. Daktari wa hospitali ameipa jina, anasema inakwenda polepole. Piroska tu anajua. Klabu wasijue. Lajta akijua, kwisha.

Ulivyoniandikia bila kuitaja, nimeisoma mara kadhaa.

Leta disketi.

V.


Budapest, 27 Septemba 1997

Mjomba,

Disketi mbili: moja ya kutumia, nyingine ya akiba, Shangazi aiweke mbali na sumaku za kwenye jokofu.

Niliwapa watu watatu hapa ofisini waitumie wakiwa wamevaa glavu za baridi, zile nene za kidole gumba peke yake. Mhasibu alipanga raundi nzima na hakukosea. Akaniuliza kwa nini programu ya mishahara haiko hivi.

Zsombor atakuwa ukumbini Jumamosi ya mashindano, amevaa sweta ya kahawia, hatasema na mtu. Msimpe pálinka nyingi, ile pombe yenu kali ya matunda. Mimi nitakuwa kwenye simu kama kawaida, na nitaruka kila ikilia.

Lolote litakalotokea, wewe si mgeni wa heshima.

Orsi


Szilvásér, 12 Oktoba 1997

Mpwa wangu,

Anaandika Piroska, nasema mimi. Nataka usikie kutoka kwangu kabla ya kwa yule wa sweta.

Raundi za mwanzo zilikwenda kama treni isiyochelewa. Wachezaji wanakuja mezani kwangu, nabonyeza, yanatokea maandishi makubwa, "Bi Gyűrűs amemshinda Mwalimu Halmos. Ni kweli?", wanasoma wenyewe, wanasema kweli, nagonga upau. Watu walikuwa wanakuja hata ambao hawajamaliza, waone majina yao tu. Kipanya nilikifungia kwenye droo na ufunguo nikampa Piroska. Chama cha mkoa walimtuma mama mmoja, akauliza programu imenunuliwa wapi. Nikamwambia haijaanza kuuzwa.

Ikabaki raundi ya mwisho. Ukumbi umechoka, kelele, wote wamenizunguka mara moja. Wewe unajua mkono wangu: ukitazamwa ndipo unapochachamaa. Ernő alikuwa amemfunga fundi saa, mchezo mzuri, na yeye alikuwa mweusi. Nikataka mbili, mkono ukaangukia moja. Maandishi yakatokea wazi kabisa kwamba fundi saa ameshinda. Sikuyasoma. Mtu alinigusa bega kuuliza choo kiko wapi, nikagonga upau. Nikapanga raundi, nikachapisha, Piroska akabandika ukutani.

Haikupita muda Ernő huyo, karatasi mkononi. "Vilmos, nimeshinda, halafu mmenipanga meza ya nyuma na wanaojifunza?" Wengine walikuwa wameshakaa na kuanza kusogeza kete.

Daktari Lajta akaja haraka, akaniinamia sikioni. Sikumtegemea kwa wema, nakiri, lakini alikuja kwa wema. Akasema taratibu, "Mzee, usihangaike. Tuseme ni programu. Vitu vipya ndivyo vilivyo, watu wataelewa. Nitatangaza mimi."

Orsi, ilikuwa njia rahisi sana. Mlango uko wazi na taa imewashwa. Na kule nyuma, karibu na kabati la makoti, namwona yule wa sweta ya kahawia ana kalamu mkononi.

Nikasimama. (Alishika meza kwanza. – P.) Nikasema:

"Programu haijakosea. Iliniuliza vizuri kabisa, sikuisoma. Nimekosea mimi. Mkono wangu unatetemeka, ni ugonjwa, ninao tangu mwaka jana. Nilibonyeza moja badala ya mbili. Kaeni, nasahihisha."

Nikaona sasa ndiyo imekwisha, wataleta kile kiti cha mbele. Ndipo Ernő akasema, na unajua sauti ya Ernő, hata ng'ombe wa ng'ambo ya mto husikia:

"Mkono wako tunaujua, Vilmos. Krismasi ulinimwagia supu ya samaki kwenye suruali. Ulidhani tulidhani ni mahaba? Sahihisha tucheze, watu wana njaa."

Wakacheka, nami nikacheka, na Bi Gyűrűs akasema yeye alijua tangu Februari, na mwalimu akasema yeye kabla ya hapo, wakaanza kubishana nani alijua kwanza. Mwaka mzima nimeficha mkono mfukoni mbele ya watu waliokuwa wakiangalia pembeni ili niufiche vizuri.

Nikabonyeza Tengua. Raundi ikarudi nyuma, jozi zote zikafutika, nikabaki na meza ya Ernő peke yake, kubwa, inaniuliza nani ameshinda. Ukumbi mzima wakajibu "Mbili!" kama shule ya msingi. Nikabonyeza mbili. Nikapanga. Nikachapisha. Wakahama meza. Dakika chache tu, kwa kadi zangu ingekuwa mpaka giza.

Ernő alishindwa mchezo wa mwisho na kombe limekwenda kwa Bi Gyűrűs, mwenye ű zote mbili. Daktari Lajta alinisindikiza mpaka getini, akaniuliza kama mwakani nitahitaji kiti kirefu zaidi. Nikamwambia nitahitaji taa bora.

Yule wa sweta alinijia akiwa anavaa koti. Alinishika mkono, ule ule, hakuuachia haraka. Akaniuliza kitu kimoja: "Kile cha Tengua, ulimwomba wewe?" Nikasema, "Hapana. Aliniona."

Akaandika.

Vilmos

(Amesahau kukwambia kwamba baada ya hapo alicheza dansi. Vibaya, lakini alicheza. – P.)


Budapest, 19 Oktoba 1997

Mjomba wangu,

Nimeisoma barua yako jikoni kwa sauti, mwenye nyumba akadhani nina wageni.

Jumatatu Bwana Hegedüs aliniita. Taarifa ya Zsombor ilikuwa mezani, nusu ukurasa. Bosi akasema, "Hapa imeandikwa kwamba mtumiaji alikosea mbele ya ukumbi mzima, na programu ikamsaidia kutoka. Sijawahi kusoma taarifa kama hii. Kwa kawaida huwa ni kinyume." Kisha akauliza simu nitamwachia nani. Naanza Novemba. Kiti changu kiko dirishani, kinatazama ua wa kuegesha magari, mahali pazuri sana.

Nilimwuliza Zsombor kwa nini hakutabasamu hata siku hiyo. Akasema alitabasamu Szilvásér, na amechoka.

Lakini siandiki kwa hilo tu. Tunaanza programu ya maduka ya dawa, watakaoitumia ni watu wa kila namna, na wazee ni wengi. Nikasema kwenye kikao, nikiwa natetemeka kuliko wewe, kwamba sisi sote tuliomo chumbani tuna mikono mizima na macho mapya, kwa hiyo hatujui tunachofanya. Nikawaambia namjua mtu. Bosi akasema mlete, tumlipie nauli na siku yake, akae mbele ya mashine nasi tukae nyuma tufunge midomo.

Utakuja? Si kama mgeni wa heshima. Kuna kazi.

Orsi


Szilvásér, 23 Oktoba 1997

Orsi,

Nitakuja. Nina masharti: chai isiwe ya maji ya bomba la moto, na yeyote atakayeniambia "kulia kidogo" atoke nje.

Jumanne, treni ya saa nne asubuhi. Piroska ananishonea mfuko mpya kwenye koti, wa miwani, maana ule wa kulia nimeuzoea kwa mambo mengine na sasa hauna kazi. Mwambie bosi wako aandae vitufe vyake vyote, vidogo kwa vikubwa. Mimi naja, na mkono naja nao.

Vilmos